Mgeni wa Ukurasa Uliofutwa

Ukurasa ulikuwa umefutwa, nyumba yenyewe ilikuwa imebomolewa hadi msingi, lakini kulikuwa na mtu bado anaiulizia.

Aliyeligundua jambo hilo ni fundi wa tovuti ambaye mtaa mzima ulimwita Kiraka. Hakupewa jina hilo kwa ubaya. Bomba la kwake likivuja, anafunga mpira. Kiatu kikiachama, anatia gundi. Tovuti ya mteja ikileta kosa, anatafuta namna ya kulifunika lisionekane, kisha anajipongeza kwa kikombe cha chai. Mke wake alikuwa muuguzi, na wauguzi hawapendi kidonda kifungwe kabla ya kusafishwa. "Mume wangu, wewe unafunika usaha," alikuwa akimwambia. Kiraka hucheka. Mbona gari linakwenda, atasema.

Walikuwa na mtoto mmoja tu, msichana wa darasa la pili, waliyemwita Kasuku kwa sababu tangu alipojua kusema hajawahi kupumzika. Walimpata baada ya kukata tamaa, miaka mingi ya kwenda hospitali na kurudi mikono mitupu. Kiraka alimpenda mtoto yule mapenzi ya kuogopesha. Aliacha kazi nzuri ya ofisini, akahamishia kompyuta yake kwenye meza ya sebuleni, ili Kasuku akirudi shule wa kwanza kumpokea awe yeye.

Sasa, mteja wake mkubwa alikuwa dalali wa nyumba, mtu wa maneno mengi na subira kidogo. Tovuti yake ilionyesha nyumba za kupanga na za kuuza, kila nyumba na ukurasa wake, picha zimepangwa kuanzia sebuleni hadi uani. Asubuhi moja dalali alipiga simu bila hata salamu.

"Fundi, unaniaibisha! Mteja anabonyeza nyumba, anaambiwa ukurasa haupatikani. Atanionaje mimi? Si ataniona tapeli?"

"Hizo ni nyumba zilizokwisha kuuzwa, bosi. Kurasa umezifuta mwenyewe."

"Nimefuta nyumba, sijafuta wateja. Nataka jioni ya leo nisione kosa hata moja."

Kiraka akafungua kumbukumbu za tovuti, pale ambapo mashine huandika kila anayeomba ukurasa, ametokea wapi, na kama amepata alichotaka. Makosa mengi yalikuwa ya kawaida. Hapa kiungo kimekosewa herufi, pale tangazo la zamani linaelekeza kwenye picha iliyohamishwa. Akayarekebisha moja baada ya jingine huku akipiga mluzi. Likabaki moja.

Ukurasa wa nyumba ya kona. Dalali alikuwa ameufuta tangu zamani. Ombi lake lilikuja, likajibiwa kwamba ukurasa haupatikani, likaja tena. Halikuwa la haraka haraka kama la programu iliyoharibika. Lilikuja, likasubiri kidogo, likaja, kama mtu anayebisha hodi kisha anategea sikio. Na pale panapoandikwa anwani ya mashine aliyotokea mwombaji palikuwa patupu. Kiraka alikuwa amefanya kazi hiyo miaka, na hakuwahi kupaona pakiwa patupu.

Akampigia dalali.

"Bosi, hii nyumba ya kona ni ipi? Kuna mtu anaitaka kwelikweli."

Dalali akashusha sauti.

"Ile imebomolewa, fundi. Imekuwa ghala la saruji sasa."

"Basi kuna mtu hana habari."

"Sikiliza. Ile nyumba wapangaji walikuwa hawakai. Mimi si mtu wa kuamini mambo hayo, lakini hata wabomoaji waliomba wafanye kazi mchana tu. Usiurudishe ule ukurasa. Unanisikia? Usimjibu huyo mtu kwamba nyumba ipo."

"Simjibu. Nitampeleka kwingine."

Laiti angemwacha abishe.

Katika ufundi huo, ukurasa ukipotea, unaweza kumwelekeza anayeuomba kwenye ukurasa mwingine. Fundi makini hutafuta ukurasa unaofanana na ule uliopotea. Kiraka alitaka kumaliza kazi kabla mtoto hajarudi kutoka shule, basi akaandika amri moja tu: kila anayeomba ukurasa usiokuwepo apelekwe mahali pamoja. Na mahali penyewe pakawa ukurasa wa majaribio. Huo aliutengeneza wakati anaanza kuijenga tovuti, kabla dalali hajamletea picha. Kwa kuwa hakuwa na nyumba ya mfano, alipiga picha nyumba yake mwenyewe: mlango wa mbele, sebule, jiko, ukumbi mwembamba, na mwisho chumba cha nyuma anacholala Kasuku. Mafundi wengi hufanya hivyo, na wengi husahau kufuta. Kiraka hakuwa amesahau. Aliuacha tu, kwani ulikuwa unamdhuru nani?

Programu ikamuuliza swali moja: elekezo hili ni la muda au la kudumu? Tofauti yake kila fundi anaijua. Mgeni ukimwambia ni la muda, kesho atarudi kuuliza. Ukimwambia ni la kudumu, atashika njia mpya na hatauliza tena. Kiraka akachagua la kudumu, maana asiyeuliza tena hamsumbui mtu.

Ombi la nyumba ya kona likaja mara moja, likaelekezwa, na kumbukumbu zikatulia tuli. Akampigia dalali kumpa habari njema, akapika chai.

Mchana ule, jua likiwa bado kali, Kasuku alikuwa sebuleni amelala kifudifudi akichora, na mdomo haujafungwa tangu aingie. Ghafla akanyamaza. Kiraka akageuka, kwa sababu ukimya wa mtoto yule ulikuwa kitu cha kushangaza kuliko kelele.

"Nini, mama?"

"Baba, kuna mtu anaangalia nyumba."

"Yuko wapi?"

"Alikuwa mlangoni. Ameshaingia."

Mlango ulikuwa umefungwa kwa komeo. Kiraka akataka kucheka, lakini pua ikamwahi: harufu ya chokaa kuukuu, ile ya ukuta uliovunjwa mvua ikaunyeshea, ilikuwa imejaa sebuleni. Kisha akasikia ukuta ukigongwa. Ngo, ngo. Taratibu, kama anavyogonga mnunuzi anayetaka kujua kama tofali ni imara. Hakuonekana mtu. Mlio ukatoka sebuleni ukahamia jikoni, sufuria zikatikisika kidogo kwenye rafu, ukatoka jikoni ukashika ukumbi, na hapo ndipo Kiraka alipohisi nywele zikimsimama, kwa sababu alitambua kwamba kile kilichokuwa kikitembea hakikuwa kikizurura, kilikuwa kikifuata picha zake vilevile alivyozipanga kwa mkono wake, mlango, sebule, jiko, ukumbi, na akajua kabla hakijafika kwamba kitaingia chumba cha nyuma, na kwamba hakitatoka humo, kwa kuwa baada ya chumba cha nyuma hakuweka picha nyingine ya kuendelea.

Mlango wa chumba cha Kasuku ukafunguka, ukafungwa.

"Baba," mtoto alinong'ona, "chumbani kwangu kuna mtu ameketi."

Kiraka alikwenda kutazama. Kitanda kilikuwa kimetandikwa. Katikati ya shuka palikuwa na bonde, kama pamekaliwa na mtu mzito kwa muda mrefu.

Usiku huo alimlaza Kasuku sebuleni, akamwambia mkewe kwamba chumbani kuna mende. Kesho yake mtoto alirudi kutoka shule kabla ya wakati, peke yake, macho yamevimba.

"Mwalimu ameniuliza mimi ni nani."

"Anakutania, mwanangu."

"Hanitanii. Amesema Kasuku ameshafika, yuko kwenye kiti chake. Akawauliza wenzangu, wote wakasema ndiyo, yupo." Akatupa mkoba chini. "Kiti kilikuwa kitupu, Baba."

Kiraka akampigia mwalimu. Mwalimu akacheka kwa uungwana: Kasuku yupo, ametulia leo, amekuwa msikivu, hongereni wazazi. Kiraka akamkumbatia mtoto wake aliyekuwa akitetemeka.

Jioni mkewe alirudi kutoka kazini. Akaweka mkoba, akavua viatu. Kasuku alimkimbilia na mikono wazi, na mama yake akampita kama mtu anavyopita kiti, akaenda moja kwa moja ukumbini, akafungua mlango wa chumba cha nyuma.

"Mwanangu mzuri, umeshindaje?"

Harufu ya chokaa ikatoka nje hadi sebuleni. Yule mama akaingia, akaketi kitandani, akazungumza. Aliuliza, akangoja, akacheka, akauliza tena. Hakuna sauti iliyomjibu ambayo Kiraka aliisikia. Alichosikia ni kucha zikikwangua ukuta polepole, na kila zilipoacha mkewe alicheka.

"Mama Kasuku," alimwita kutoka mlangoni, "mtoto yuko hapa. Nimemshika mkono. Mtazame."

Mkewe aligeuka. Macho yake yalishuka yakafika alipo mtoto, kisha yakateleza, yakarudi kitandani.

"Hapo wapi?" Akainuka, akamwekea kiganja kwenye paji la uso. "Mume wangu, una homa? Usipige kelele, ndiyo kwanza anasinzia."

Kasuku hakulia. Alishika shati la baba yake kwa mikono miwili, na Kiraka akahisi aibu iliyochanganyika na hofu, maana alijua kuwa haya yameletwa na mkono wake.

Akakimbilia kompyuta. Akafuta elekezo, akafuta ukurasa wa majaribio, akafuta picha zote. Akafungua kumbukumbu, akangoja ombi la nyumba ya kona lije lipewe jibu la kutopatikana. Halikuja. Akangoja zaidi. Alikuwa akitazama mahali patupu, akitamani ile hodi iliyomkera, hata mara moja, ajue kwamba mgeni ametoka nje na anauliza njia tena. Lakini alikwisha kumwambia ni la kudumu.

Na hapa lazima tumseme, ingawa inauma. Alifungua nyumba nyingine za dalali, moja baada ya moja, zile zenye watu bado wanaishi, picha zao za harusi ukutani na viatu vidogo mlangoni. Akachagua moja. Akaelekeza ukurasa wa nyumba ya kona kwenye nyumba ya watu wale wasiomjua na asiowajua. Alifanya hivyo huku machozi yakimtoka, lakini alifanya. Hakuna kilichobadilika. Chumba cha nyuma kiliendelea kukwanguliwa, naye akabaki na dhambi isiyomfaa kitu, akaifuta ile amri kwa haya.

Mwishowe Kiraka akaita mganga, naye akaja mchana mmoja, muuguzi akiwa kazini. Alikuwa mama wa makamo, miwani puani, raba miguuni, simu inalia ndani ya kanga. Alichoma ubani kwenye kigae, akasimama mbele ya mlango wa chumba cha nyuma akisoma dua midomo tu ikicheza. Moshi ulifika kwenye kizingiti, ukarudi. Yule mama akatazama moshi ule kwa muda, akazima kigae kwa maji.

"Huyu hakuvunja mlango," alisema kwa sauti ya chini. "Ameelekezwa. Nani kamwelekeza?"

"Mimi."

"Ulimwambia apite, au ulimwambia hapa ndipo kwake?"

"Nilimwambia ndipo kwake."

"Mh." Akavua miwani, akaifuta, akaivaa. "Na huyu aliyekushika shati?"

Kiraka nusura amwangukie miguuni kwa furaha. "Unamwona?"

"Namwona. Lakini hata mimi macho yananiponyoka. Kila nikimtazama najikuta natazama kule chumbani." Akasogea karibu, akanong'ona. "Sikiliza, baba. Kila anayemtafuta mtoto huyu anapelekwa kwa yule. Mama yake ameshapelekwa, mwalimu ameshapelekwa, shangazi na majirani watafuata. Umebaki wewe, kwa sababu wewe ndiye uliyeonyesha njia. Atakuita, na atakuita kwa sauti ya mwanao. Usiitike. Hata kwa mguno. Mgeni asiyeitikiwa huchoka, siku moja huondoka."

"Nimchukue mtoto nikimbie?"

"Ukimbie uende wapi? Njia zote zinarudi humu. Kaa uwe wewe unayemjua."

"Na nikiitika?"

Mganga alimtazama Kasuku, na macho yake, bila yeye kutaka, yakageuka kuelekea chumbani. "Mwanao hatakuwa na mlango wa kuingilia duniani," alisema. Akaondoka haraka.

Tangu siku hiyo Kiraka aliishi kwa kuuma meno. Alimlisha Kasuku kwa mkono wake, akamlaza ubavuni mwake, akamfundisha hesabu mwenyewe. Jamaa waliopiga simu waliulizia Kasuku na kabla hajajibu walimwambia wameshaongea naye, mzima, kakua huyo. Na kutoka chumba cha nyuma sauti ilianza. Mara ya kwanza ilimwita "Baba" wakati Kasuku yuko mapajani mwake, na sauti ilikuwa ileile, na wote wawili wakatazamana. Ilimwita ikiwa inalia, ikiwa inacheka, ikisema imeungua, ikisema inaogopa giza. Kiraka alitia pamba masikioni. Mkewe alimwita katili. "Mtoto anakuita hata humjibu! Una moyo gani wewe?" Alihamia chumba cha nyuma, akawa analala huko, akitoka asubuhi nywele zimejaa vumbi jeupe.

Hata hivyo mganga hakumdanganya. Sauti ilianza kupungua. Ilikuwa ikiita asubuhi na jioni, ikawa jioni tu, ikawa siku inapita kimya. Harufu ya chokaa ikawa hafifu. Asubuhi moja mkewe alisimama sebuleni akikunja uso, akatazama mahali Kasuku alipoketi, akasema polepole, "Hapa kuna..." halafu akashika kichwa, akaenda kazini. Kasuku aliruka ruka kwa furaha. Akaanza tena kusema bila kupumzika. Kiraka akatoa pamba masikioni ili amsikie, maana alikuwa ameikosa sana sauti ile.

Mchana huo dalali alipiga simu akifoka: tovuti imekufa kabisa, wateja wanasubiri, afanye upesi. Kiraka akakaa mezani. Nyumbani hapakuwa na mkate.

"Unaweza kwenda dukani ukarudi bila kuongea na mti?" alimtania Kasuku.

"Mti ndio hunianza, Baba."

Akatoka mbio, na Kiraka akamsikia akiimba hadi sauti ikakatika kwenye kona. Akainamia kazi. Kosa lilikuwa gumu, mistari juu ya mistari, na kichwa chake kikazama ndani yake kama kinavyozama kichwa cha fundi yeyote. Vidole vilikuwa vikikimbia. Alikuwa karibu kulipata.

"Baba," sauti ikauliza kutoka ndani, ya kawaida kabisa, isiyolia wala kuogopa, "kalamu yangu nyekundu umeiona?"

"Iko chini ya meza, mwanangu," alijibu bila kuinua kichwa.

Vidole vikasimama. Kwa kitambo kidogo alihisi kuna kitu anatakiwa kukumbuka, kitu kikubwa, kikamjaa kifuani kama pumzi isiyotoka. Kisha kikapita. Akalipata kosa, akalirekebisha, tovuti ikafunguka. Alijisikia mwepesi, kama mtu aliyelala vizuri baada ya kuuguza. Mlango wa chumba cha nyuma ukafunguka, mtoto wake akaja ukumbini, akasimama nyuma ya kiti chake, akamwekea mkono begani. Mkono ulikuwa mzito na wa baridi. Kiraka akaupapasa kwa mapenzi.

Mlangoni pakabishwa hodi.

Alifungua. Nje alisimama msichana wa darasa la pili hivi, anahema, mkate kifuani.

"Baba, imebaki miwili tu, nimechukua huu laini."

Kiraka akatazama nyuma ya msichana, kuona anaongea na nani. Hapakuwa na mtu.

"Unamtafuta nani, mama?"

Msichana alitabasamu kwanza, akidhani ni mzaha. Kisha akamtazama machoni, na lile tabasamu likaanza kutetemeka.

"Baba, ni mimi."

"Umekosea nyumba," Kiraka alisema kwa upole, akainama kidogo awe sawa naye, kwa sababu alikuwa mtu mwenye huruma na watoto. "Usilie, hakuna aliyekugombeza. Rudi kwenu na huo mkate. Baba yako lazima anakutafuta."

Mtoto akafungua mdomo, na kwa mara ya kwanza maishani mwake hakupata la kusema. Mkono wake mdogo ulikuwa umeshika ukingo wa mlango. Kiraka akautoa kidole kimoja kimoja, taratibu, asije akambana, akafunga.